Sindano ya Urembo Ikiharibu Uso, Kwanza Jua Kilichoingia

Mtu anapofika kliniki mdomo umemvimba au kope limemwangukia baada ya sindano ya urembo, swali langu la kwanza ni moja: ulichomwa dawa gani? Wengi hujibu, "Filla," au "Sindano ya kuondoa mikunjo." Hayo si majina ya dawa. Ni sawa na mgonjwa kumwambia daktari kwamba amemeza kidonge cheupe. Na jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama uso utarudi hali yake baada ya siku mbili, baada ya miezi mitatu, au hautarudi kabisa.

Dawa hizi ni za makundi makubwa matatu, na kila kundi lina namna yake ya kuharibu na namna yake ya kurekebishwa.

Sindano za kulegeza misuli

Kundi la kwanza wengi huliita Botox, ingawa hilo ni jina la biashara la bidhaa moja tu. Dawa yenyewe ni sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum, inayotumiwa kwa kipimo kidogo mno. Huzuia neva isiupe msuli amri ya kujikunja, hivyo ngozi iliyo juu ya msuli huo hunyooka. Marekani iliidhinisha itumike kwa mikunjo iliyo kati ya nyusi mwaka 2002.

Ikisambaa hadi kwenye msuli usiokusudiwa, kope huanguka, unyusi mmoja hupanda kuliko mwenzake, au tabasamu hupinda upande. Ikishashika neva, hakuna dawa ya kuing'oa. Kinachoponya ni muda: neva huota ncha mpya, na kwa kawaida msuli huamka baada ya miezi mitatu au minne. Kope lililoanguka mara nyingi hupona mapema zaidi, ndani ya wiki chache, na matone ya macho ya apraklonidini huweza kuliinua kwa milimita moja au mbili wakati wa kusubiri. Nyusi zisizolingana husawazishwa kwa kipimo kidogo upande wa pili, lakini si kabla ya wiki mbili kupita, kwa kuwa nguvu yote ya dawa huonekana siku ya 14 hivi. Anayekuongezea sindano siku ya nne anabahatisha.

Hatari kubwa zaidi ni sumu kuenea mwilini, hasa bidhaa ikiwa bandia au imechanganywa vibaya. Mwaka 2024 maofisa wa afya wa Marekani waliripoti watu 22 katika majimbo 11 waliopata madhara baada ya kuchomwa bidhaa bandia au na watu wasio na ujuzi; nusu yao walilazwa. Ukiona vitu viwili viwili, ukashindwa kumeza, sauti ikabadilika au pumzi ikawa nzito, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama sindano ilikuwa ya siku kadhaa zilizopita. Ipo dawa ya kupambana na sumu hiyo, lakini hunasa sumu iliyo bado kwenye damu tu. Iliyokwisha kushika neva haiigusi, ndiyo maana kuchelewa ni hatari.

Vijazio vinavyoyeyushika

Kundi la pili hujaza midomo, mashavu na mabonde ya chini ya macho. Vingi vya vijazio hivi hutengenezwa kwa asidi ya hialuroniki, iliyogunduliwa mwaka 1934 na Karl Meyer na John Palmer mjini New York katika ute wa jicho la ng'ombe. Mwili wako pia unayo: mtu mzima wa kilo 70 ana takriban gramu 15, na kila siku hubomoa na kutengeneza upya karibu theluthi yake.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kwa kijazio cha aina hii, maji huzoleka kwa sehemu kubwa, kwa sababu kipo kimeng'enya cha kukiyeyusha, hialuronidasi. Madaktari wa macho wamekitumia kwa miaka mingi kusaidia dawa ya ganzi isambae kabla ya upasuaji. Daktari wa ngozi hukichoma kwenye donge, au pale kijazio kilipowekwa juujuu mno hadi ngozi ya chini ya jicho ikaonekana ya kibuluu. Donge huanza kulainika baada ya muda mfupi, na matokeo huonekana vizuri baada ya siku moja au mbili. Wagonjwa wengi huogopa kwamba uso utabonyea. Ni kweli kwamba kimeng'enya hubomoa pia asidi yako ya asili, lakini hiyo mwili huirudisha wenyewe.

Mambo mawili ya kuzingatia. Uvimbe na michubuko ya siku za mwanzo ni kawaida, hivyo kama hakuna dalili ya hatari, subiri wiki mbili kabla ya kuamua kuyeyusha. Pili, sumu ya nyuki na ya nyigu ina hialuronidasi ndani yake. Kama uliwahi kuumwa na nyuki ukavimba mwili au ukakosa pumzi, mwambie daktari kabla hajakuchoma.

Mshipa wa damu ukiziba

Hapa ndipo sitaki mtu asubiri hata usiku mmoja upite. Sindano ikiingia ndani ya ateri, kijazio huziba damu na ngozi huanza kufa. Pua na sehemu ya kati ya nyusi ni hatari zaidi, kwa sababu mishipa ya hapo huungana na ile inayolisha jicho. Kijazio kinaweza kusukumwa kurudi nyuma hadi kwenye retina, na mtu akapofuka jicho akiwa bado kitandani. Huko muda huhesabiwa kwa dakika, na hakuna tiba ya uhakika ya kurudisha uwezo wa kuona.

Vitabu vingi husema ngozi hupauka, kisha hutoka madoa ya zambarau yenye umbo la wavu. Kwenye ngozi nyeusi dalili hizo hujificha. Tazama uso kwenye mwanga wa mchana na ulinganishe pande mbili; kunjua mdomo uangalie rangi ya ndani. Bonyeza ngozi kwa kidole kisha achia: damu ikikawia kurudi kuliko upande wa pili, kuna tatizo. Maumivu yanayozidi ni dalili kubwa, ila vijazio vingi vimechanganywa na ganzi, hivyo maumivu yanaweza kuja saa kadhaa baadaye, ukiwa umesharudi nyumbani.

Tiba ni kuacha kuchoma mara moja, kukanda, kuweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na kuchoma hialuronidasi kwa kipimo kikubwa, ikirudiwa hata kila saa mpaka damu irudi. Usiweke barafu, maana baridi huifinya mishipa iliyokwisha kubanwa. Ngozi ikishakufa, kinachobaki ni kuuguza kidonda na kupambana na kovu.

Vijazio visivyoyeyushika

Kundi la tatu ndilo linalonihuzunisha zaidi. Humo mna silikoni ya maji, mafuta ya parafini na chembe za plastiki. Tatizo hili ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Gladys Deacon, mrembo aliyevuma Ulaya, alichomwa nta ya parafini apate pua iliyonyooka. Nta ilihama, sura ikaharibika, naye akaishi nayo hadi kifo chake mwaka 1977.

Silikoni hutawanyika katikati ya nyama kama mafuta ndani ya sifongo. Inaweza kukaa kimya kwa miaka, kisha mwili ukaizingira na kutengeneza vinundu vigumu. Hialuronidasi haina kazi hapa. Daktari anaweza kupunguza vinundu kwa sindano za steroidi, au kukata baadhi yake, lakini kuitoa yote bila kuondoa nyama nzima ya uso mara nyingi haiwezekani. Anayekuahidi kuisafisha kabisa hakwambii ukweli.

Vinundu vinavyochelewa, hata vya vijazio vya kawaida, wakati mwingine huletwa na bakteria waliojificha kwenye kijazio. Usivikamue. Kipimo cha altrasaundi huonyesha kijazio kilipo, na kama kuna maambukizi, antibiotiki hutangulia.

Ufanye nini?

Kabla ya sindano, omba kuona kichupa au boksi likiwa halijafunguliwa. Piga picha ya jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Hakikisha anayekuchoma ana leseni ya baraza la madaktari la nchi yako na bidhaa imesajiliwa na mamlaka ya dawa. Kama ni kijazio, uliza: hialuronidasi ipo hapahapa, leo? Asiyekuwa nayo hana cha kukusaidia mshipa ukiziba, na hapaswi kukuchoma.

Kama mambo yameshaharibika, usione haya ukajifungia ndani, wala usikubali sindano nyingine ya kuficha ile ya kwanza. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo, ukiwa na jina la dawa mkononi. Jina hilo moja ndilo litakalomwambia aanze wapi.