Sote Ni Wala Shaba

"Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mmenyuko wa kikemia katika kiumbe hai." Mwanafunzi wa biolojia huikariri sentensi hii, au inayofanana nayo, akaiandika kwenye mtihani na kupata alama yake. Si ya uongo, ila imepungukiwa. Mahali pazuri pa kuikamilisha ni Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba nchini Kongo (DRC), ambako watu wanatembea juu ya shaba na kobalti.

Turudi mwaka 1926. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika kuhusu mafundi wa zamani wa Katanga, eneo ilimo Kolwezi, waliokuwa wakiyeyusha shaba, akawaita "wala shaba". Mwaka huohuo, kule Marekani, mkemia mwenye mkono mmoja, James Sumner, alipata fuwele za urease kutoka kwenye maharage. Urease huvunja urea. Ndiyo inayofanya mkojo uliolala zizini unuke amonia. Sumner alionyesha kwamba fuwele zile ni protini. Richard Willstätter, mkemia mashuhuri wa Ujerumani, na wafuasi wake walimbishia kwa miaka, lakini mwaka 1946 Sumner akapewa Tuzo ya Nobel, na sentensi yetu ikaota mizizi.

Mwaka 1975 watafiti wa Australia waliipima upya urease ya maharage ya aina ileile, wakakuta ndani yake nikeli. Atomi za metali hiyo ndizo zinazoishika urea ili ivunjwe. Bila hizo, protini inakaa bure. Shahidi mkuu wa "kimeng'enya ni protini" alikuwa ameficha metali kwa miaka 49. Kisha likaja pengo la pili: Thomas Cech na Sidney Altman walionyesha kwamba RNA, ambayo si protini kabisa, nayo inaweza kuharakisha mimenyuko. Wakapata Nobel mwaka 1989.

Sasa tuitazame shaba. Kata parachichi uliache mezani. Baada ya muda nyama yake inageuka kahawia. Kazi hiyo inafanywa na kimeng'enya chenye atomi mbili za shaba, ambacho hutumia oksijeni ya hewani kuzibadilisha kemikali za tunda. Ukikamulia ndimu, asidi inakipunguza kasi. Ndani ya seli zetu kuna kingine, saitokromu oksidesi, chenye shaba na chuma. Sehemu kubwa ya oksijeni tunayoivuta huishia kwake, nasi tukapata nguvu ya kutembea, kufikiri na kupiga sururu. Askofu aliwapa mafundi peke yao jina linalotustahili sote.

Habari ya kobalti inashangaza zaidi. Mwili wetu huihitaji ikiwa imefungwa katikati ya vitamini B12, molekuli ambayo umbo lake lilifumbuliwa na Dorothy Hodgkin wa Uingereza mwaka 1956. Vimeng'enya viwili vya mwili wa binadamu haviwezi kazi bila vitamini hiyo, na ikipungua, damu na neva huharibika. Mtu mzima anahitaji takribani mikrogramu 2.4 za B12 kwa siku, na kobalti iliyomo ni kama mikrogramu 0.1 tu. Wanaojua kuitengeneza vitamini hiyo ni bakteria na jamaa zao. Sisi huipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Kwa hiyo mkaazi wa Kolwezi, katika nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, anaitafuta kobalti yake kwenye ndakala (dagaa) walio pembeni mwa bukari (ugali). Vumbi la mgodini halimpi vitamini. Likizidi mwilini ni sumu.

Shaba nayo ikizidi hujibandika kwenye protini mahali pasipo pake, vimeng'enya vikakwama. Ndiyo maana vilima vyenye shaba nyingi huko Katanga havina miti. Huota nyasi na maua yaliyozoea, kama Haumaniastrum katangense, ua la shaba. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba baadhi ya mimea hii hujaza majanini zaidi ya miligramu 1,000 za shaba kwa kila kilo ya jani kavu. Mwaka 2007 Michel-Pierre Faucon, Mylor Shutcha na Pierre Meerts walichapisha uhakiki wao. Waliyaosha majani kwa makini kabla ya kuyapima, na viwango walivyopata vikawa chini sana ya vile vilivyoandikwa. Sehemu ya shaba iliyohesabiwa kuwa ya mmea ilikuwa vumbi lililotua juu ya jani.

Waliotangulia hawakudanganya, walipima walichokishika. Sumner vilevile. Kilichohitajika ni mtu wa kurudi kwenye jani lilelile na maharage yaleyale, akapime tena.

Nasi tuirudie sentensi yetu: kimeng'enya ni molekuli, aghalabu protini, inayoharakisha mmenyuko wa kikemia bila yenyewe kutumika ikaisha, na vimeng'enya vingi havifanyi kazi bila metali au vitamini. Imerefuka kidogo, lakini imekaribia ukweli. Mwalimu, iandike hivyo ubaoni, na ubebe parachichi darasani.