Nesi wa digrii: usiache Fizikia

Wazazi wa Nduguti hutuuliza: mtoto aliyeishia kidato cha nne anaweza kuwa nesi wa digrii? Anaweza.

Zamani digrii yenyewe haikuwapo nchini. Manesi walisomea kwenye shule za hospitali, wakijifunza huku wakihudumia wodini. Tusiwadharau; ndio waliowazalisha mama zetu. Shahada ya uuguzi ilianza Muhimbili mwaka 1988, wakati Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilikuwa na shule ya uuguzi tangu 1909.

Siku hizi aliyefaulu vizuri PCB kidato cha sita huomba moja kwa moja, iwe Muhimbili au UDOM hapo Dodoma. Atasoma miaka minne, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini.

Wa kidato cha nne huanza na stashahada ya miaka mitatu. Akimaliza na matokeo mazuri, anaweza kuomba digrii. Ila stashahada hiyo inataka awe amefaulu Kemia, Biolojia na Fizikia. Hapo ndipo wengi hukwama, maana Fizikia waliiacha walipoingia kidato cha tatu. Mzazi, nenda kamwone mwalimu wa taaluma kabla mtoto hajachagua masomo.