Kifua cha Mama Chamwokoa Mtoto Njiti

Mtoto azaliwaye kabla ya miezi yake kutimia, adui yake wa kwanza ni baridi. Mwili wake hauna mafuta ya kutosha kumtia joto. Naye akipoa hudhoofika, hushindwa kunyonya, na huweza kufa.

Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Colombia, Daktari Edgar Rey Sanabria aliona kwamba mashine za kuwatia watoto joto hazitoshi. Basi akawatumia mama zao badala ya mashine.

Kazi yenyewe si ngumu. Mtoto huachiwa nepi, kofia na soksi tu, akalazwa wima kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kisha hufungwa kwa kitambaa kisicholegea. Kichwa hugeuzwa upande apate kupumua vema. Asiyeweza kunyonya hukamuliwa maziwa ya mama, akanyweshwa kama muuguzi aelekezavyo.

Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lashauri kazi hii ianze mara mtoto azaliwapo, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Mama akichoka, baba na ampokee, wala asione haya: kifua chake nacho kina joto.