Nyumba Ndani ya Kabati: Sanaa ya Kujenga na Kukusanya Vitu Vidogo

Nyumba ya wanasesere, kwa maana wanayoikusudia wakusanyaji, ni mfano mdogo wa makazi ya watu, uliojengwa kwa vipimo vyenye uwiano maalumu na kupambwa kwa samani, vyombo na nguo zinazofuata uwiano huohuo. Wengi wanaoisikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ni shughuli ya watoto iliyochukuliwa na watu wazima, ilhali historia yake inaonyesha kinyume, kwa kuwa nyumba ya kale zaidi inayotajwa mara kwa mara katika maandishi ni ile aliyotengenezewa Mtawala Albrecht V wa Bavaria, huko Munich, kati ya mwaka 1557 na 1558, nayo ilikuwa hazina ya kutazamwa na wageni wa heshima. Kwa zaidi ya karne moja baada ya hapo, nyumba za aina hii ziliendelea kuwa mali ya watu wazima wenye uwezo, na mtu anayeanza kuzikusanya leo anarithi ufundi mzito wenye kanuni zake, si mchezo wa kupitisha wakati tu.

Kanuni kuu kati ya hizo ni skeli, yaani uwiano kati ya kipimo cha kitu halisi na kipimo cha mfano wake. Skeli inayotumika zaidi ulimwenguni ni 1:12, ambayo asili yake ni vipimo vya Kiingereza, ambako inchi moja ya mfano huwakilisha futi moja ya kitu halisi, na futi moja ina inchi 12. Kwa skeli hiyo, mlango wenye kimo cha sentimita 204 huwa na sentimita 17, meza ya sentimita 75 huwa na sentimita 6 na robo, na kikombe cha chai chenye kimo cha sentimita 9 huwa na milimita 7 na nusu. Zipo pia skeli za 1:24 na 1:48, zinazowafaa wasio na nafasi kubwa nyumbani. Mkusanyaji yuko huru kuchagua skeli yoyote, lakini akishaichagua hana budi kuifuata bila huruma, kwa sababu jicho la binadamu hukadiria ukubwa wa kitu kwa kukilinganisha na vilivyo karibu yake, na birika moja lililozidi kipimo linatosha kukigeuza chumba kizima kuwa rafu ya mapambo.

Ugumu hasa wa sanaa hii, na pia utamu wake, unatokana na ukweli kwamba maumbile hayapungui kwa uwiano mmoja. Urefu unapogawanywa kwa 12, eneo hugawanywa kwa 144, na ujazo, pamoja na uzito unaoufuata, hugawanywa kwa 1,728. Kwa hiyo kiti cha mbao chenye uzito wa kilo 6, kikitengenezwa kwa mbao ileile katika skeli ya 1:12, hubaki na uzito wa gramu tatu na nusu hivi. Athari ya jambo hilo huonekana waziwazi katika nguo. Pazia la dirisha halisi huteremka na kutulia kwa sababu ya uzito wake, lakini pazia dogo lililokatwa kutoka kwenye kitambaa hichohicho halina uzito wa kulivuta chini, hivyo hutanuka na kusimama mbali na ukuta. Zaidi ya hayo, unene wa kitambaa haukupungua pamoja na upana wake, na pamba yenye unene wa robo ya milimita, ikiingizwa katika chumba cha skeli ya 1:12, huonekana kuwa na unene wa milimita 3, ambao ni unene wa zulia na wala si wa shuka. Fundi mwenye uzoefu huchagua hariri nyembamba kabisa, huilowesha kwa gundi iliyozimuliwa kwa maji, huipanga marinda juu ya ubao na kuibana kwa pini moja moja, kisha huiacha ikauke hadi mikunjo ishike. Kinachotundikwa dirishani mwishowe, kwa hakika, si pazia lililopunguzwa bali ni umbo la pazia lililobuniwa upya.

Maji nayo hayakubali kupunguzwa. Uso wa maji una nguvu inayozivuta chembe zake zishikamane, ambayo wanasayansi huiita mvutano wa uso, na kwa sababu ya nguvu hiyo tone la maji lina ukubwa uleule mbele ya jumba la kifalme na mbele ya nyumba ya wanasesere. Maji yakitiwa katika beseni lenye upana wa sentimita 3 hutuna na kujipinda kingoni, yakaonekana mazito kama uji, na ndiyo maana mafundi hupendelea kumimina resini angavu, yaani utomvu wa kiwandani unaoganda ukawa kama kioo. Mbao zina tatizo linalofanana na hilo, kwa kuwa nyuzi na vinyweleo vya mti havijui skeli. Mvule, ambao ni mti mzuri kwa milango ya nyumba halisi, una vinyweleo vipana vinavyoonekana kama mitaro katika meza ya sentimita 6, ilhali mpingo, wenye nyuzi zilizoshikamana na laini, hukubali kuchongwa miguu ya kiti isiyozidi unene wa kijiti cha kiberiti bila kumeguka. Mafundi wa Ulaya hutumia miti ya mipea na micheri kwa sababu hiyohiyo, na fundi wa Afrika Mashariki anayepata vipande vya mpingo vilivyobaki katika karakana za wachongaji ana malighafi ambayo wenzake wa ng'ambo huinunua kwa bei kubwa.

Hakuna mahali palipoonyesha uzito wa kanuni hizi kuliko Uholanzi ya mwishoni mwa karne ya 17, ambako wake wa wafanyabiashara walijenga nyumba zao ndogo ndani ya makabati. Mashuhuri kuliko zote ni ile ya Petronella Oortman, iliyoko katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum mjini Amsterdam, ambayo ilitengenezwa kati ya mwaka 1686 na 1710 hivi. Kabati lake lina kimo cha sentimita 255 na upana wa sentimita 190, na limepambwa kwa magamba ya kasa yaliyotiwa nakshi za madini yenye bati. Vyombo vyake vya kauri viliagizwa kutoka China, na samani na michoro ya ukutani ilifanywa na mafundi na wasanii waliokuwa wakitengeneza vitu halisi kwa ajili ya nyumba halisi. Makumbusho hayo yanakadiria kwamba Oortman alitumia kati ya gulden 20,000 na 30,000, gulden ikiwa ndiyo fedha ya Uholanzi ya wakati huo, na kwa kiasi hicho angeweza kununua nyumba ya kuishi kando ya mfereji mmojawapo wa Amsterdam.

Gharama hiyo inaweza kumshangaza msomaji, lakini faida yake kwa elimu ya historia ni kubwa kuliko alivyoweza kukisia Oortman mwenyewe. Nyumba halisi hubadilishwa na kila kizazi kinachoingia: jiko hubomolewa, karatasi za ukutani hubanduliwa, nguo huchakaa zikawa matambara. Nyumba ya kabatini, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuishi ndani yake, imehifadhi mpangilio wa maisha ambao majengo makubwa yameupoteza, na mtazamaji wa leo anaona jinsi jiko la kupikia lilivyotengwa na jiko la kuwekea vyombo vya fahari, na jinsi vitambaa vilivyofuliwa vilivyotundikwa na kukunjwa chini ya paa. Mchoraji Jacob Appel aliichora nyumba hiyo mnamo mwaka 1710, na picha yake, ambayo nayo imo katika Rijksmuseum, inaonyesha wanasesere wengi ambao hawapo tena, kiasi kwamba picha na kabati husaidiana kutoa ushahidi.

Pamoja na umaarufu wa Oortman, mkusanyaji wa leo ana mengi zaidi ya kujifunza kutoka kwa Sara Rothé, Mholanzi mwingine aliyeishi kati ya mwaka 1699 na 1751. Rothé hakuanza na ukuta mtupu, bali mnamo mwaka 1743 alinunua mnadani makabati matatu ya zamani yenye nyumba za wanasesere, akayavunja, akaagiza makabati mapya, na kuyajaza kwa kuchanganya vitu vya zamani na vipya. Nyumba zake mbili zimehifadhiwa, moja mjini Haarlem na nyingine mjini The Hague. Jambo linalomtofautisha na wengine ni kwamba aliandika. Aliweka madaftari yanayoeleza kilichonunuliwa, kilichotengenezwa upya na gharama yake, na kwa sababu ya madaftari hayo watafiti wanaweza kutenganisha kitu cha karne ya 17 na kitu alichokiongeza yeye. Mikusanyiko mingi mizuri imekuwa bubu kwa kukosa maandishi kama hayo, na huo ni upotevu usio na sababu, maana kuandika hakugharimu chochote.

Karne ya 20 ilileta kazi kubwa zaidi kwa ukubwa na kwa sifa. Nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens kati ya mwaka 1921 na 1924 kwa skeli ya 1:12 na ambayo sasa imo katika Kasri la Windsor, ina mabomba yanayotoa maji, umeme, lifti zinazopanda na kushuka, na maktaba yenye vitabu vilivyoandikwa na waandishi wa zama hizo, akiwemo Arthur Conan Doyle. Ni kazi ya kustaajabisha, ingawa kwa kuwa ilijengwa ili kuonyesha ubora wa mafundi wa taifa zima, inaeleza zaidi fahari ya wakati wake kuliko maisha ya nyumba yoyote. Huko Marekani, Narcissa Niblack Thorne alifuata njia nyingine: badala ya nyumba nzima, alisimamia utengenezaji wa vyumba vimoja vimoja, kila kimoja ndani ya sanduku lake lenye upande mmoja wa kioo, na 68 kati ya vyumba hivyo vinaonyeshwa katika makumbusho ya Art Institute of Chicago.

Kazi ya Frances Glessner Lee, Mmarekani aliyefariki mwaka 1962, inastahili kuzingatiwa peke yake, kwa sababu alikitumia kipaji hiki kutafuta haki. Katika miaka ya 1940 alitengeneza vyumba vidogo vya skeli ya 1:12 vinavyoonyesha mahali palipotokea vifo vya mashaka, ili polisi wajifunze kuchunguza bila kuvuruga ushahidi. Soksi za wanasesere wake alizifuma kwa kutumia pini badala ya sindano za kawaida, na umakini huo haukuwa wa kujifurahisha tu, kwani mwanafunzi aliyetazama chumba chake alipaswa kuamini kwamba kila kilichomo kina maana, na kitu kimoja kilichotengenezwa ovyo kingemwelekeza katika uamuzi usio sahihi. Vyumba vyake 18 vimetunzwa katika ofisi ya uchunguzi wa vifo ya jimbo la Maryland, mjini Baltimore, na vimeendelea kutumika katika mafunzo.

Anayetaka kuanza hana haja ya kabati wala ya mtaji mkubwa, na kuanza na nyumba nzima ndiko kunakowakatisha tamaa wengi. Njia ya Thorne ya chumba kimoja sandukuni ni bora zaidi, na kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki chumba cha kufaa hakiko mbali. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake hutegemea urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Chumba chenye upana wa mita 2.7 kitahitaji sanduku la upana wa sentimita 22 na nusu, na boriti yenye kipenyo cha sentimita 10 itawakilishwa na kijiti cha milimita 8 hivi, ambacho kinaweza kuokotwa chini ya mti wowote, kikaondolewa ganda na kusuguliwa kwa msasa laini. Kazi ya subira itakuwa zidaka, yaani vile vishubaka vya ukutani vilivyochongwa katika chokaa kwa ajili ya kuwekea kauri na vitu vya thamani, ambavyo fundi ataviunda kwa jasi iliyochekechwa mara kadhaa ili chembe zake zisionekane, akivikata kabla haijakauka kabisa kwa kisu chenye wembe mpya. Bakuli za kuwekwa humo ziwe na kipenyo cha sentimita moja na nusu, zisizidi, kwani kauri ya China iliyovuka bahari hadi Amsterdam ilifika pia pwani hii, na bakuli iliyozidi kipimo itaifuta historia hiyo mbele ya macho ya mtazamaji.

Vifaa vya lazima ni vichache: rula ya chuma, kibano, msumeno wa meno madogo, msasa na gundi nyeupe ya mbao. Kazi ikishakamilika iwekwe mbali na jua, ambalo hupausha hariri na rangi, ifunikwe kwa kioo ili vumbi lisiingie, na watoto wadogo wasiachwe karibu nayo, kwani birika la milimita 10 humezwa kwa urahisi. Yeyote anayekusudia kuanza, basi, anunue daftari kabla ya kununua gundi, akaipime nyumba anayoijua vizuri, hasa ile iliyo hatarini kubomolewa, na katika ukurasa wa kwanza aandike mahali ilipo, tarehe aliyoipima na vipimo vya kila ukuta, kwa mkono unaosomeka na mtu mwingine.