Mpaka wa mji wawabana wafugaji Kitengela: ardhi ghali, fedha mkononi hakuna

BEI ya ardhi inapopanda, mwenye ardhi hudhaniwa kuwa ametajirika. Katika nyanda za Kitengela na Isinya, Kaunti ya Kajiado, kusini mwa Nairobi, familia nyingi za wafugaji zimeonja kinyume chake. Thamani ya shamba inaongezeka kwenye karatasi, huku kodi, karo na gharama za hospitali zikidai fedha taslimu ambazo shamba hilo halizitoi. Matokeo yake ni kuuza kipande kimoja kimoja, na kila kipande kinachouzwa huileta karibu siku ya kuuza kingine.

Kwa mfanyabiashara au mwekezaji mdogo anayetafuta ploti upande huo, hili si jambo la wafugaji peke yao. Ndilo litakaloamua kodi atakayolipa yeye mwenyewe, ushuru wa kuhamisha hati, na kama bei aliyoitoa itasimama au itayumba.

KUTOKA RANCHI HADI PLOTI

Ranchi za vikundi zilianzishwa chini ya sheria ya 1968, iliyoziwezesha jamii za wafugaji kusajili ardhi kwa pamoja kupitia wawakilishi wao. Ranchi ya Kitengela ilikuwa na takriban hekta 18,000. Mwaka 1988 iligawanywa kwa wanachama wake, waliokuwa zaidi ya 200. Kwa wastani kila mmoja alitoka na ekari kama 200 na hatimiliki yake mkononi.

Hatimiliki hiyo ilifika wakati soko likibisha hodi. Mwaka 1990 Kenya ilitunga sheria ya maeneo ya usindikaji wa bidhaa za kuuza nje, na eneo kubwa la aina hiyo likajengwa Athi River, jirani kabisa na Kitengela. Wafanyakazi wa viwandani walihitaji vyumba vya kupanga, na wenye vyumba walihitaji viwanja vya kujenga. Baadaye wakaja watumishi wa Nairobi waliochoka na kodi za nyumba mjini.

Sensa inaeleza yaliyobaki. Mji wa Kitengela ulihesabiwa watu 154,436 mwaka 2019. Kaunti nzima ya Kajiado ilitoka watu 687,312 mwaka 2009 hadi 1,117,840 mwaka 2019, yaani ongezeko la zaidi ya asilimia 60 katika miaka 10.

Kwa dalali, ekari moja si malisho ya ng'ombe tena. Ni ploti kama nane za futi 50 kwa 100, zikipungua kidogo baada ya kutoa barabara. Bei ya ekari haipimwi tena kwa nyasi zilizomo, inapimwa kwa idadi ya vyumba vitakavyojengwa juu yake.

HESABU YA EKARI 100

Ugumu wa mfugaji unaonekana vizuri kwa hesabu. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, si bei za soko la wiki hii.

Tuseme familia ina ekari 100, na ekari jirani zinauzwa Sh2 milioni kila moja. Kwenye karatasi familia hiyo ina mali ya Sh200 milioni. Katika mwaka wa mvua nzuri inauza maksai sita mnadani kwa Sh60,000 kila mmoja, na kupata Sh360,000. Humo itoe dawa ya kupe, chumvi, maji na mshahara wa mchungaji.

Sasa ije kodi ya ardhi. Kaunti ikitoza Sh50 kwa kila ekari, familia italipa Sh5,000 kwa mwaka, na huo si mzigo. Lakini kaunti ikitoza kwa thamani ya soko, hata kwa kiwango kidogo cha asilimia 0.1, hundi inakuwa Sh200,000. Ng'ombe hawajaongezeka hata mmoja, mvua ni ile ile, ila kodi peke yake imemeza zaidi ya nusu ya mauzo ya mwaka.

Vijana wa nyumbani nao wanajua kupiga hesabu. Sh200 milioni zikiwekwa benki kwa riba ya asilimia 5 zinazaa Sh10 milioni kwa mwaka, karibu mara 28 ya mauzo ya maksai. Mzee anayekataa kuuza anabaki na kazi ya kuwaeleza wanawe kwa nini anafuga.

KODI TATU, MPAKA MMOJA

Anayefuatilia soko hili afanye vyema kutazama mpaka wa manispaa kuliko mabango ya matangazo. Mpaka huo ukisogea, mambo matatu hubadilika kwa pamoja.

La kwanza ni kodi ya ardhi ya kila mwaka. Ibara ya 209 ya Katiba ya 2010 inazipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi hiyo. Sheria za zamani ziliruhusu itozwe kwa ukubwa wa eneo, kwa thamani ya pango la kilimo, au kwa thamani ya kiwanja chenyewe. Mwaka 2024 sheria mpya ya kitaifa ilichukua nafasi ya sheria hizo. Mashambani kipimo kilichozoeleka ni ukubwa, mjini ni thamani. Mwenye milki huru halipi pango kwa serikali kuu kama mwenye ardhi ya kukodishwa, lakini kinga hiyo haimwondolei kodi ya kaunti.

La pili ni ushuru wa stempu, unaolipwa na mnunuzi wakati wa kuhamisha hati. Nje ya manispaa ni asilimia 2 ya thamani, ndani yake ni asilimia 4.

La tatu ni kodi ya faida ya mauzo ya mali, inayomwangukia muuzaji. Kodi hii ilisimamishwa mwaka 1985, ikarejeshwa mwaka 2015 kwa asilimia 5, kisha ikapandishwa hadi asilimia 15 kuanzia Januari 2023. Sheria inasamehe shamba la chini ya ekari 50 lililo nje ya manispaa na miji iliyotangazwa. Shamba hilo hilo likishaingizwa mjini, msamaha huo unaondoka. Kwa mfugaji aliyepata ardhi yake ranchi ilipogawanywa, gharama ya kuipata ilikuwa ndogo mno, kwa hiyo karibu bei yote ya mauzo huhesabiwa kuwa faida.

Kwa maneno mengine, mfugaji anaweza kulala shambani na kuamka mjini bila kuhama hatua moja. Hakuomba lami wala taa za barabarani, ila hundi imemfikia.

DAFTARI LIKICHELEWA

Tatizo huwa zito zaidi pale serikali inapokaa miaka mingi bila kupima upya thamani ya ardhi. Nairobi ni mfano ulio karibu. Jiji hilo lilitumia daftari la tathmini la mwaka 1982 kwa karibu miaka 40, hadi lilipoletwa daftari la 2019. Kiwanja kilichokuwa pembezoni mwaka 1982 sasa kiko katikati ya maghorofa. Tathmini mpya inapofika, mwenye ardhi hapandi ngazi moja moja, anarushwa juu kwa mara moja.

Kodi isiyolipwa haifi. Hubaki juu ya ardhi yenyewe pamoja na malimbikizo yake, na bila cheti cha kuthibitisha kuwa imelipwa, hati haihamishwi. Familia ikifika mahali pa kutaka kuuza, deni la miaka hukatwa kwanza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara ya ardhi daftari hilo linawahusu muuzaji na serikali sawia.

Upande wa kaskazini wa Nairobi, Kaunti ya Kiambu, kahawa imepita njia hiyo hiyo. Kenya ilizalisha karibu tani 130,000 za kahawa msimu wa 1987/88. Katika miaka ya karibuni uzalishaji umekuwa ukizunguka tani 50,000. Bei mbaya na usimamizi dhaifu wa vyama vya ushirika vilichangia sana, lakini barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, mashamba mengi ya kahawa yalikuwa tayari yanahesabiwa kwa ploti, si kwa miche.

SH300 KWA EKARI

Kitengela iliwahi kujaribu dawa yake. Kuanzia mwaka 2000, wafugaji waliokubali kutogawa wala kuzungushia ua ardhi iliyo kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi walilipwa Sh300 kwa ekari kwa mwaka, ili wanyamapori na mifugo wapite. Fedha zilitoka kwa wafadhili.

Kiasi hicho ni kidogo mno kikilinganishwa na bei ya ploti, na bado familia nyingi zilijiunga. Siri ilikuwa wakati wa malipo. Fedha zilitolewa kwa awamu tatu, shule zinapofunguliwa. Karo ndiyo iliyokuwa ikiwapeleka wazee kwa dalali, na malipo yalifika kabla ya dalali. Mwenye ekari 100 alipata Sh30,000 zisizotegemea mvua. Udhaifu wa mpango ulikuwa chanzo chake: fedha za wafadhili zina mwisho, na bei ya ardhi ilikuwa haiwasubiri.

Nchi nyingine zilipitia kwenye kodi yenyewe. Nchini Marekani, ambako kodi ya ardhi ndiyo inayoendesha shule nyingi za umma, jimbo la Maryland lilikuwa la kwanza, mwaka 1956, kupima shamba kwa kile linachozalisha badala ya bei ambayo mjenzi wa nyumba angeitoa. Majimbo mengine yalifuata. Wapiga kura wa Texas waliingiza utaratibu wa namna hiyo katika katiba ya jimbo mwaka 1978. Anayebadilisha matumizi ya shamba hulipishwa tofauti ya kodi aliyosamehewa miaka ya nyuma. Awali ilikuwa miaka mitano, na tangu 2019 ni mitatu.

Utaratibu huo nao una mianya. Texas inatambua hata ufugaji wa nyuki kwenye eneo dogo, na wako wenye fedha wanaoweka mizinga michache ili kungojea bei kwa kodi nafuu. Pia kile anachosamehewa mkulima kinalipwa na mwenye nyumba au duka jirani. Hata hivyo umempa mfugaji halisi nafasi ya kulipa kodi inayolingana na ng'ombe wake. Kaunti za Kenya zinazotaka mapato bila kuua ufugaji zina la kujifunza hapo.

JE, ARDHI HAISHUKI BEI?

Wauzaji wa ploti hupenda kusema kwamba ardhi haijawahi kushuka. Wakulima wa Iowa, Marekani, wana habari nyingine. Kwa mujibu wa takwimu za Chuo Kikuu cha Iowa State, ekari ya shamba katika jimbo hilo ilifika wastani wa dola 2,147 mwaka 1981. Mwaka 1986 ilikuwa dola 787. Riba ilipanda, mauzo ya nafaka nje yakapungua, na wengi walikuwa wamekopa kwa kuweka dhamana ya ardhi yenye bei ya kilele. Ardhi haikwenda popote, lakini familia nyingi ziliondoka.

Bei ya Kitengela haitegemei mahindi. Inategemea mishahara ya Nairobi, ajira za viwanda vya Athi River, maji na barabara. Vikilegea hivyo, ploti nyingi zitakosa mjenzi, na aliyenunua kwa mkopo ataumia mapema kuliko aliyenunua kwa akiba.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Mnunuzi makini ana mambo ya kukagua. Kwanza, aulize ploti iko ndani au nje ya mpaka wa manispaa, na kama kuna mpango wa kuusogeza. Asilimia 2 au 4 ya ushuru wa stempu ni fedha za kuweka kando, na kodi ya kila mwaka itamfuata akishahamishiwa hati.

Pili, adai cheti cha kodi ya kaunti. Malimbikizo ya muuzaji yasipolipwa mapema hugeuka kikwazo cha mnunuzi.

Tatu, kama ardhi bado ni ya kilimo, lazima ridhaa ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi iombwe ndani ya miezi sita ya makubaliano. Bila ridhaa, mauzo ni batili mbele ya sheria, hata kama fedha zimekwisha kulipwa.

Nne, hati ikiwa bado kwa jina la marehemu, asinunue kwa mtoto yeyote, awe mkubwa au mdogo. Wasimamizi wa mirathi hawaruhusiwi kuuza ardhi kabla mahakama haijathibitisha hati yao ya usimamizi. Na pale muuzaji alipo hai, mkewe na jamaa wasikilizwe. Kesi nyingi za ardhi huanza na kipande kilichouzwa mzee akiwa peke yake.

Kwa familia ya wafugaji, ushauri wa soko ni mmoja: isiuze kipande kidogo kidogo kwa matumizi ya kila siku. Anayeuza nusu ekari kila muhula wa shule huuza kwa haraka, kwa bei ya mwenye shida, na kuwaleta majirani watakaofunga njia ya ng'ombe waliobaki. Kama ni lazima kuuza, ni heri kuuza mara moja baada ya kupima, kulipa kodi zote, na kubakisha eneo linaloweza kulisha mifugo. Ekari zikishapungua kuliko mahitaji ya ng'ombe, uamuzi wa kuuza zilizosalia huwa umeshafanyika, hata kama hakuna aliyeutamka.