“Ndiyo” ya Mama wa Kirumba: Isimu ya Maswali ya Kutambua Usonji na Kuchelewa kwa Lugha kwa Watoto Wadogo

1.0 Utangulizi

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayothibitisha kwamba mtoto ana usonji, amechelewa kusema kupita kiasi, au hawezi kutulia kwa namna isiyo ya kawaida ya umri wake. Mtaalamu hutegemea mambo mawili: anayoyaona mtoto akiyafanya, na anayoambiwa na mlezi. Hilo la pili ni lugha tupu. Makala haya yanadai kwamba sehemu kubwa ya utambuzi huo ni kazi ya kiisimu, na kwamba dodoso lililotafsiriwa neno kwa neno linaweza kumbandika mtoto tatizo asilokuwa nalo, au, jambo ambalo ni baya zaidi, kumrudisha nyumbani mtoto aliyehitaji msaada. Mifano inaegemea mazingira ya Kirumba, kata ya Ilemela jijini Mwanza, ambako soko la Mwaloni huwakutanisha wasemaji wa Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kikurya na Kiluo, na ambako Kiswahili ndicho lugha ya kliniki. Mazungumzo yanayotolewa yametungwa kwa ajili ya ufafanuzi.

2.0 Uzito wa neno “ndiyo”

Dodoso la M-CHAT-R, linalotumika katika nchi nyingi kuchuja dalili za usonji, lina maswali 20 na huwalenga watoto wa miezi 16 hadi 30. Katika maswali 17 jibu la hatari ni “hapana”. Katika matatu yaliyobaki, yaani la 2, la 5 na la 12, jibu la hatari ni “ndiyo”. Alama yote, basi, hujengwa juu ya maneno mawili. Lakini “ndiyo” ya Kiswahili kimsingi ni umbo la kusisitiza utambulisho, ndi- na -yo, na kazi yake ni kuithibitisha kauli iliyotangulia, iwe yakinishi au kanushi. Tazama mazungumzo haya:

Muuguzi: Kwani Juma haitiki ukimwita, mama?
Mama Juma: Ndiyo, nesi.

Mama amesema mtoto haitiki. Iwapo fomu imeandikwa “Je, mtoto huitika anapoitwa?” na muuguzi akatia alama penye “ndiyo”, dalili imefutwa kwa kalamu, na hakuna aliyedanganya. Ukanushi katika swali si uzembe wa muuguzi. Waswahili huuliza hivyo wanapoonesha kushangaa au kumhurumia anayeulizwa. Neno “hapana” nalo halina usalama zaidi, kwa kuwa katika muktadha huohuo laweza kufuatwa na “haitiki” au na “anaitika”. Njia iliyo bora ni kuacha maswali ya jibu moja na kumwomba mama asimulie: “Juma akiwa amekupa mgongo, ukimwita, hufanya nini?”

Swali hilohilo lina mtego mwingine. Mtoto wa Kirumba anaweza kuwa na jina la ubatizo lililoandikwa kwenye kadi ya kliniki, jina la babu analoitwa na bibi yake, na la utani linalotumiwa na watoto wa uani. Akiitwa kwa jina la kwenye kadi, kutoitika kwake hakutuelezi mengi.

Kitenzi “kuonesha” kinaleta utata wa aina yake. Dodoso hutofautisha mtoto anayenyoosha kidole ili apewe kitu na yule anayenyoosha kidole ili mwenzake naye atazame. Ukosefu wa tendo la pili ndio unaotiliwa shaka zaidi. “Je, hukuonesha kitu kwa kidole?” huyabeba matendo yote mawili. Tena wapo watu wazima wanaoelekeza kwa midomo au kidevu, na mtoto huiga anayoyaona. Swali lenye tukio huondoa utata: “Ndege akipita angani, hukufanya nawe umtazame?”

3.0 Nafsi ndani ya kiambishi

Leo Kanner, katika makala yake ya 1943 kuhusu watoto 11, alibainisha kwamba baadhi yao walijitaja kwa nafsi ya pili. Kwa Kiingereza kosa hilo husikika wazi kwa sababu nafsi ni neno linalojitegemea. Kwa Kiswahili nafsi imo ndani ya kitenzi. Mama anauliza, “Unataka uji?” Mtoto mwenye njaa anajibu, “Unataka uji.” Tofauti kati yake na “nataka” ni silabi moja.

Silabi hiyo ndiyo ambayo watoto wasio na tatizo lolote huiacha. Deen (2005), aliyefuatilia watoto wanne wa Nairobi, alionesha kwamba katika hatua za awali wao hudondosha kiambishi cha nafsi, au cha njeo, au vyote viwili, ilhali kiishio hukipatia. Hata watu wazima wa Nairobi hudondosha kiambishi cha nafsi mara nyingine. Mtoto wa miaka miwili asemaye “taka uji”, kwa hiyo, hajatupa ushahidi wowote kuhusu nafsi. Ushahidi huanza pale anapozitumia na- na u- zote mbili na bado akazibadilisha mahali pake. Ni lazima pia kuonya kwamba Kiswahili cha Nairobi si cha Mwanza. Kukitumia kama kipimo cha watoto wa Ziwa ni kukosea kwa namna nyingine.

Katika matamshi hali ni nyepesi zaidi kueleza. Kisukuma kina /l/ bila kuipambanua na /r/, na Kikurya hutumia /r/. Mtoto asemaye “lafiki” huenda anazungumza kama baba yake. Hicho si kithembe wala ulimi mzito.

4.0 Majina ya matatizo

Mama hafiki kliniki na neno “usonji”, ambalo bado ni changa. Hufika na “mtundu”, neno linalolaumu na kusifu kwa pamoja, kwani fundi hodari naye ni mtundu. Hufika pia na “mtindio wa ubongo”, ambao kwa wengine ni ulemavu wa viungo unaotokana na ubongo na kwa wengine ni ulemavu wa akili. Huyachanganya hayo na mtoto mwenye akili timamu lakini miguu isiyomtii atahukumiwa kuwa hafundishiki.

Zito zaidi ni “degedege”. Neno hili hufunika mtukutiko wa homa, malaria iliyofika kwenye ubongo, na hata kifafa. Utafiti wa Carter na wenzake (2006) huko Kilifi ulihusisha malaria kali na matatizo ya lugha yanayobaki baada ya mtoto kupona. Kwa Kanda ya Ziwa, ambako malaria ni nyingi, kauli “alipatwa na degedege, akaacha kusema” inastahili maswali: alikuwa na homa? Alizimia kwa muda gani? Kabla ya hapo alikuwa akisema nini?

Kilifi inatoa mfano mwingine wa kuigwa. Alcock na wenzake (2015) hawakutafsiri tu orodha ya Kiingereza ya maneno ya watoto. Waliunda orodha za Kiswahili na Kigiriama na kuwahoji walezi ana kwa ana. Orodha ya Kirumba ingehitaji dagaa, sato, furu na mtumbwi. Ingehitaji pia kuuliza kwa lugha zote za nyumbani. Mtoto mwenye maneno 20 ya Kiswahili na 30 ya Kisukuma, anayemwita mama “mayu” na maji “minzi”, ana maneno 50. Akiulizwa kwa Kiswahili peke yake, fomu itaandika 20.