Kusoma Majibu ya Kipimo cha Kingamwili

Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na chembe nyeupe za damu pale kijidudu au kitu kingine kigeni kinapoingia mwilini. Kipimo cha kingamwili hakitafuti kijidudu chenyewe. Hutafuta alama iliyoachwa na ujio wake, na alama hiyo huweza kubaki miaka mingi baada ya mgonjwa kupona. Aina ya IgM kwa kawaida hutangulia, kisha hupungua baada ya wiki au miezi kadhaa. IgG hufuata na kudumu. Kwa hiyo IgM huashiria maambukizi mapya, ilhali IgG peke yake mara nyingi husimulia ugonjwa wa zamani au chanjo.

Katika Afrika Mashariki, majibu yanayowachanganya watu wengi ni yale ya kipimo cha Widal cha homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi. Kipimo hiki kina jina la daktari Mfaransa, Georges-Fernand Widal, aliyekitangaza mwaka 1896. Maabara huchanganya majimaji ya damu ya mgonjwa na bakteria waliouawa wa Salmonella Typhi. Kingamwili zikiwepo, bakteria hushikamana mafungumafungu. Majimaji hayo huzimuliwa hatua kwa hatua: 1:20, 1:40, 1:80, 1:160. Namba inayoandikwa kwenye karatasi ni ya hatua ya mwisho ambayo bakteria bado wameshikamana. Ndiyo maana 1:160 ni kiwango kikubwa kuliko 1:80, ingawa kwa hesabu za shuleni huonekana kinyume.

Majibu huja kwa safu mbili. O ni kingamwili dhidi ya ganda la bakteria, na H ni dhidi ya mikia yake. Maabara nyingi huanza kushuku taifodi kwenye 1:80 au 1:160, lakini mpaka huo haufanani kila mahali. Ugonjwa ukiwa umezoeleka katika eneo, watu wazima wenye afya njema hukutwa na kingamwili hizo kwa sababu waliwahi kukutana na bakteria huyu au jamaa zake. Hata malaria huweza kuyafanya majibu yaonekane chanya. Sampuli moja, basi, ni ushahidi dhaifu. Kilicho na uzito zaidi ni kiwango kupanda mara nne au zaidi kati ya sampuli mbili zilizopishana siku 7 hadi 14, na bora kuliko hicho ni kuotesha bakteria kutoka kwenye damu. Kurudia Widal baada ya kumaliza dawa ili kuona kama taifodi imeisha ni kupoteza fedha: kingamwili hubaki, na mtu huishia kumeza antibiotiki kwa ugonjwa asio nao.

Kuna vipimo ambavyo namba kubwa ni habari njema. Aliyechanjwa dhidi ya homa ya ini B hupimwa mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, na 10 mIU/ml au zaidi huhesabiwa kuwa kinga ya kutosha. Kwa VVU, kipimo cha haraka hakitoi namba kabisa. Jibu hasi wiki chache baada ya kujiweka hatarini halitoshi, kwani mwili huenda haujatengeneza kingamwili za kuonekana.

Daktari akiagiza kipimo cha jumla ya kingamwili, karatasi huonyesha namba na pembeni yake kiwango cha kawaida. Kwa mtu mzima, IgG huwa takribani gramu 7 hadi 16 kwa lita. Kiwango hicho hupatikana kwa kupima watu wenye afya na kuchukua asilimia 95 ya katikati, maana yake mtu 1 kati ya 20 wasio na ugonjwa hutoka nje ya mpaka. Mashine hutofautiana pia, hivyo majibu husomwa kwa mipaka ya maabara iliyoyatoa.

Umri nao huhesabiwa. Mtoto huzaliwa na IgG ya mama yake, na ndiyo sababu mtoto wa mama mwenye VVU huweza kuonekana chanya kwa kipimo cha kingamwili hadi miezi 18 bila kuambukizwa. Yeye hupimwa virusi moja kwa moja. IgG hiyo ya kurithi hupungua mtoto anapofikisha miezi 3 hadi 6, kabla yake mwenyewe haijajaa, na akilinganishwa na mtu mzima wakati huo ataonekana ana upungufu ambao hana.